Nyumba Isiyoonyesha Bati

Mara ya kwanza kumwona Msafiri, alikuwa anatukana bati. Sasa hebu fikiria mwenyewe: mtu anaingia kwenye duka la bati, duka la baba yangu Mzee Khalidi, mabati yamepangwa mpaka nje barazani, halafu anamwambia muuzaji kwamba bati ni janga la nchi. Na muuzaji mwenyewe ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza tangu asubuhi, jua la Oktoba linachoma, hata chai sijanywa, na kijana mwembamba mwenye kanzu fupi ya Kihindi ananieleza jinsi bati linavyoshika joto mchana na kumrudishia mtu kitandani usiku. Nikamuuliza anataka nini. Akasema misumari ya inchi nne. Nikampimia, nikamwambia akija tena kututukania biashara aje ameshiba, maana naona njaa inamsemesha.

Kesho yake akarudi. Eti misumari ilikuwa mingi mno, nimpunguzie.

Mwaka ule wa tisini na tatu Dodoma nzima ilikuwa inafungua duka. Makarani walifungua duka, walimu walifungua duka, na aliyekosa duka alifungua gesti. Miaka ya kupanga foleni ya sukari ilikuwa imepita. Vitu vilijaa tele, waliopungua ni wa kuvinunua. Baba alikuwa ametoka Kondoa akiwa kijana, akauza ngozi, akauza ufuta, na biashara iliporuhusiwa akaruka moja kwa moja kwenye vifaa vya ujenzi: bati, rangi, na vile vioo vya buluu vinavyomwezesha mtu aliye ndani kukuona wewe usimwone. Vioo hivyo vilikuwa vinakwisha kabla lori halijamaliza kushusha. Sijui watu wa Dodoma walikuwa wanamficha nani nini, lakini wote walivitaka.

Msafiri alikuwa msanifu wa majengo. Ungedhani katika mji ambao umekuwa ukijengwa kuwa makao makuu tangu mimi nikiwa sijui kuvaa viatu, msanifu atagombewa kama maji ya bomba. Wapi. Ofisini kwao michoro ya huo mji ilijaa makabatini hadi panya walikuwa wanaijua mitaa kwa majina, na yeye, kijana mpya aliyetoka kusoma, alipewa kazi ya kuchora vyoo vya stendi. Jioni alichora gesti za watu binafsi. Kila mwenye gesti alitaka nguzo nne nene mbele, kama za benki, hata kama nyuma kuna vyumba vitatu na jiko la mkaa. Msafiri alizichora hizo nguzo huku ameuma meno. Hela alikuwa anapokea, hilo nalo niliseme.

Kwao ni Haneti. Baba yake alikuwa Mrangi mwenzetu, utingo wa lori, akafa kwenye ajali Msafiri akiwa bado ananyonya. Mama naye hakukaa sana. Mtoto akalelewa na ndugu wa mama, Mgogo mmoja mfugaji anayeitwa Mazengo, ndani ya tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa la udongo, vyumba vimezunguka ua na ng'ombe wanalala humo uani. Mjomba Mazengo hakusoma hata darasa moja, lakini aliuza dume mmoja kila muhula ili kijana asome. Kijana akafaulu, akafaulu tena, mpaka serikali ya India ikampa nafasi ya masomo Ahmedabad. Akakaa huko miaka mitano. Alirudi na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu, na la nguo likapotelea bandarini. Ndiyo maana ile kanzu fupi niliiona wiki nzima.

Vitabu vyake navijua kimoja kimoja, maana alikuwa anakuja navyo dukani. Wateja wanataka bati la geji thelathini, yeye amefungua picha mezani. Alinionyesha chuo kimoja alichosoma, kuta za matofali matupu, na zege limeachwa na alama za mbao zake kama mtu aliyeamka na mikunjo ya mkeka usoni. Nikamuuliza kama hela ziliwaishia. Akanitazama kama nimemtukania mama.

Akaanza kunifundisha. Wahindi, anasema, walitawaliwa kama sisi, na bwana wao alipoondoka wakabaki wanaulizana: tujenge kama yeye, au tujenge kama babu zetu? Wajinga walichagua kimoja. Wenye akili walikataa vyote viwili, zege wakachukua kwa wageni, kivuli wakachukua kwa bibi zao. Akanieleza nyumba za mitaa ya zamani kule Ahmedabad, mlango mwembamba kama wa stoo, ukiingia unakuta katikati pako wazi mpaka mbinguni, mwanga unashuka humo, hewa ya joto inapandia humo, na chini ya sakafu kuna tangi la mvua la mwaka mzima. Akanieleza visima ambavyo huvuti maji kwa kamba, unashuka mwenyewe kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa kwenda chini, na wanawake wanapumzika njiani kwenye vivuli wakipiga soga. Nikamwambia huku kwetu ukiona shimo lina ngazi ujue kuna mtu ametumbukia.

Hakukasirika. Hicho ndicho kilichonimaliza. Angekuwa mwingine angesusa, yeye alicheka hadi machozi, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Picha za kuchora ndizo nilizozipenda kweli, sitaficha. Za kale, ndogo kama kiganja. Nyumba imechorwa lakini kuta zimefunguliwa zote: juu mfalme anavuta kiko, chini mpishi anapepeta mchele, pembeni mke yuko dirishani anamsubiri mtu ambaye kwa kweli siye mfalme. Wote unawaona kwa mara moja, na hakuna kivuli kinachomfunika yeyote. Msafiri akasema mchoraji wa Ulaya anasimama mahali pamoja anachora anachokiona, lakini huyu ameizunguka nyumba kwa miguu, ameingia hadi jikoni, ndipo akachora anachokijua. Akaninunulia moja, ya kuchapwa tu lakini iliyowekwa kwenye fremu. Halafu akasema nisiichukue nyumbani, itakaa kwenye nyumba yetu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tuna nyumba.

Alikuwa na riwaya za India pia, alizonunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, zimekunjamana, zimejaa makarani, mashemeji, joto na vumbi la miji midogo. Aliniuliza kwa uchungu kabisa kwa nini Wahindi hawaoni haya kuandika mji mdogo wenye vumbi na sisi tunaona haya kuishi ndani yake. Nikamwambia mimi sioni haya, naona vumbi, na nalifuta mara tatu kwa siku kwenye vioo vya baba.

"Kwa hiyo," nilimwambia siku moja, "umekwenda India miaka mitano kujifunza tembe."

Nilidhani namchokoza. Akaitikia kwamba ndivyo hasa. Akasema mara ya kwanza alipoingia kwenye moja ya nyumba zile za zamani, akasimama pale katikati akatazama juu, alikaribia kulia mbele ya mwalimu na wanafunzi wenzake, maana alikuwa amesimama nyumbani kwa Mjomba Mazengo. Vyumba kuzunguka, ua katikati, kuta nene, paa bapa. Akasema tembe ndiyo usasa wetu, sisi tu hatujaambiwa.

Aliamua kunionyesha kwa macho. Katikati ya mji kulikuwa na duka la zamani la Mhindi wa vitambaa, lina mwaka lilipojengwa umechongwa juu ya mlango, baraza yenye nguzo za chuma, na nyuma yake ua wa kupendeza kweli. Msafiri akaingia kwa heshima zote, akamsalimia mzee mwenye duka kwa lugha aliyoihangaikia miaka mitano. Yule mzee akamwambia aseme Kiswahili, yeye amezaliwa hapa hapa Dodoma, India hajawahi kufika na hana nauli ya mchezo. Msafiri akamsifia ua. Mzee akasema ua unamaliza nafasi, anabomoa baada ya Idi, anapandisha ghorofa. Kisha akaniona mimi, akanitambua kuwa ni binti wa Khalidi, akaniuliza kioo cha buluu sasa hivi ni bei gani. Mimi ni mfanyabiashara. Nikamtajia. Msafiri hakunisemesha njia nzima, na mzigo wa vioo vya yule Mhindi ulipofika aligoma kuingia dukani siku nne.

Basi, akaleta posa. Baba alimpokea mshenga vizuri, akamlisha, akauliza huyu kijana kazi yake nini. Akaambiwa msanifu. Baba akauliza amejenga nini. Mshenga, maskini, akataja vyoo vya stendi.

Baba siyo mtu mbaya, na siku ile hakusema vibaya. Alisema kijana mwenye kazi ya kujenga nyumba za watu ajenge ya kwake kwanza, yeye Khalidi ataingia kwa miguu yake aione, na akiridhika watapanga ndoa siku hiyo hiyo. Asiporidhika, yuko mtu wa Singida mwenye malori matatu ambaye naye ameniulizia, na huyo nyumba anayo, tena ina nguzo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimjua huyo wa malori. Alikuwa akija dukani ananihesabu mimi pamoja na mabati. Niliomba usiku ule kama sijawahi kuomba: Msafiri ajenge nyumba ambayo baba yangu ataielewa. Hilo tu. Sikuomba nzuri.

Msafiri alikuwa na kiwanja pembezoni mwa Chang'ombe. Alijenga mwaka na nusu, na kila tofali lilikuwa na hotuba yake. Matofali ya kuchoma, bila plasta. Ukuta wa mbele hauna dirisha hata moja, una matundu tu yaliyopangwa kwa mtindo alioukuta India, upepo upite na vumbi libaki nje. Ndani ua, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, mche wa mwarobaini katikati, na beseni la maji la kujengwa. Bati aliliweka, lilitoka dukani kwetu, lakini alilalaza nyuma ya kuta zilizopandishwa juu, mteremko ukitazama uani ili mvua yote ishuke kwenye tangi. Ukisimama barabarani huoni bati, unaona kuta za hudhurungi na juu bapa.

Jamani, majirani. Kila aliyepita aliuliza plasta lini. Wengine waliuliza kwa upole, kama unavyouliza hali ya mgonjwa. Mmoja alikuja kuulizia bei ya nyama, akidhani ni machinjio. Mwingine alimpongeza kwa kufungua gereza la mtu binafsi, maana siku zile hata hilo lisingeshangaza. Nilimsihi Msafiri apige plasta ukuta wa mbele tu, basi, upande wa baba. Akanieleza uaminifu wa tofali. Nikamwambia tofali haliolewi, naolewa mimi. Akasema nimwamini, siku hiyo atamweleza mzee taratibu, na mzee ataona. Alikuwa amepanga na maneno yenyewe. Angeanza na visima.

Siku ilipofika ilikuwa Jumamosi. Mimi na baba tulikwenda na pikapu ya dukani, baba kavaa koti, mimi nimepakata hotipoti la pilau na moyo uko mdomoni. Mlangoni tulikutana na Msafiri akirudi na kreti la soda kwenye baiskeli, kanzu yake nyeupe, amenyoa vizuri. Akatoa shikamoo, akaomba baba aitazame kwanza kwa nje.

Baba akatazama. Akatazama tena, akaweka mkono juu ya macho.

"Bati liko wapi?"

"Lipo, Mzee. Limejificha."

"Limemkosea nani?"

Msafiri alifungua mdomo kuanza na visima, ndipo ng'ombe akalia. Akalia ndani ya nyumba.

Huyo alikuwa Mjomba Mazengo. Mtu ameposa binti, na kwa desturi yao mjomba ana sehemu yake katika mahari, kwa hiyo Mjomba hakusubiri kuambiwa. Alitembea na ng'ombe watano kutoka Haneti, akilala njiani, apate kuwakabidhi siku mkwe anapokuja. Alifika Msafiri ameenda kununua soda, mlango uko wazi. Nyumba ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Aliingia, akaona vyumba vimezunguka, akaona ua, akaona maji kwenye beseni. Sasa wewe mwambie mfugaji wa Kigogo ng'ombe awaweke wapi.

Tulipoingia walikuwa wamejaa ua mzima. Mmoja anakunywa kwenye beseni, mmoja anajikuna kwenye matundu ya India, mwarobaini umebaki kijiti. Sakafu nyekundu haikuonekana tena kuwa nyekundu. Na katikati yao Mjomba amesimama na fimbo yake, vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi, anang'aa uso kama bwana harusi ni yeye. Alitusalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akanishika mikono miwili, akamkaribisha baba kana kwamba anamkaribisha Haneti. Akamwonyesha kuta. Akampigiapigia ukuta asikie unene wake. Alikuwa anaongea haraka, Kiswahili chake kinakimbilia Kigogo na kurudi, kwamba watoto wa wenzake walisoma hadi Kilosa na Mpwapwa tu, wakirudi hata kukaa hawakai, wanasema kunanuka, lakini huyu wake alifika hadi India.

"Hadi India, mkwe," alimwambia baba, "na amerudi akajenga tembe."

Nikamtazama baba. Niliona uso unavyojifunga, kama duka saa ya kufunga, mlango mmoja mmoja. Alimwacha Mjomba, akamgeukia Msafiri, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nimezaliwa humu. Nimelala humu mpaka nikaota ndevu, nasikia ng'ombe wakicheua upande wa pili wa ukuta, moshi machoni, udongo unadondokea chakula mvua ikinyesha. Nilitoka Kondoa kwa miguu ili nisilale humu tena. Huyu mtoto nimemzaa chini ya bati. Sasa wewe unamrudisha?"

Sikuwahi kumsikia baba akisema hayo. Hata sikujua. Nikajua tu kwamba yamekwisha, mtu wa Singida ameshinda kwa malori yake, na nilichokuwa nacho mkononi ni hotipoti la pilau. Nilimtazama Msafiri. Nikasema moyoni, haya sasa, sema. Kama una maneno yoyote uliyoyaleta na lile sanduku, ya kivuli cha bibi, ya yule mchoraji aliyeizunguka nyumba mpaka jikoni, ya kusimama Ahmedabad ukakaribia kulia, yaseme sasa. Simama na mjomba wako.

Msafiri akavuta pumzi. Na mtamba mmoja, katika kugeuka, akaingiza pembe kwenye ile picha yangu iliyotundikwa kwenye kibaraza cha uani. Fremu ikaanguka, kioo kikavunjika, akaikanyaga na kuikanyaga tena, kisha akainua mkia akafanya wanachofanya ng'ombe. Yakamrukia Msafiri kwenye ile kanzu nyeupe.

Aliruka nyuma. Akaziba pua kwa mkono wa kanzu.

"Mjomba, toa hawa ng'ombe. Watoe. Utaniharibia kila kitu. Hapa siyo zizini, hii siyo tembe!"

Ng'ombe tu walikuwa wanapumua.

Halafu baba akaanza kucheka. Mwanzoni kwa kujizuia, kisha akashindwa, akalazimika kushika nguzo ya kibaraza, koti linatikisika. Baba yangu hacheki ovyo. Wateja wake wanalijua hilo. Akamwendea Msafiri, akampiga begani upande ambao haukuchafuka.

"Kumbe na wewe ulishakimbia," alisema. "Nami nilikuwa nakuogopa bure."

Akanigeukia mimi, akasema kijana ni wa mjini kabisa, hana neno, huo mchezo wa matofali utamtoka akipata watoto, na ndoa iwe baada ya mfungo. Plasta atachangia yeye kama zawadi ya harusi, na kioo cha buluu kwa upande wa mbele. Alisema yote hayo papo hapo, akiwa bado anajifuta machozi, amesimama ndani ya mavi ya ng'ombe kwa viatu vyake vya ngozi.

Nilifurahi. Niseme uongo? Nilifurahi hata nikaweka hotipoti chini. Mwaka na nusu wa hofu uliniondoka kwa mpigo mmoja. Kila kitu nilichokiomba nilikuwa nimekipata, na alichokipata Msafiri ni mke na baba mkwe anayemwelewa. Uso wa Msafiri, hata hivyo, haukuwa uso wa mtu aliyepata kitu. Alikuwa amesimama na mkono bado puani, anamtazama baba kama mtu aliyesifiwa kwa jina la mwingine.

Ndipo nikamwona Mjomba. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo, amesahau kulitoa. Aliwapigia mluzi ng'ombe wake, taratibu, akawatanguliza mlangoni mmoja mmoja, akiwashika pembe wasiguse ukuta. Aliwafunga nje kwenye rundo la kokoto. Kisha akarudi na tawi la mkwaju, akainama, akaanza kufagia sakafu nyekundu. Msafiri akamkimbilia kumnyang'anya lile tawi. Mjomba hakumpa.

"Nisamehe, baba," alimwambia Msafiri, bado ameinama. "Nilidhani umejenga kwetu."

Yule mtu aliyeweza kusema saa nzima juu ya ngazi ya kisima alichuchumaa pale na kanzu yake, akaanza kuokota vipande vya kioo kwa mkono, mpaka akajikata.

Tulioana baada ya mfungo kama baba alivyosema. Ng'ombe walipokelewa. Plasta ilipigwa mbele, rangi ya maziwa, na hakuna tena anayeuliza bei ya nyama. Msafiri sasa ana ofisi yake na anatafutwa sana. Nguzo zake zinasifiwa mpaka Singida. Mwarobaini niliupanda upya mimi, umekua, na nyumba yetu ndiyo yenye ubaridi kuliko zote mtaani, ingawa hatulisemi hilo.

Mjomba Mazengo anatutembelea kila baada ya mavuno, na Msafiri humngoja tangu asubuhi, humwekea kiti uani chini ya kivuli, humsihi akae hapo. Mjomba hushukuru. Huvua makubazi mlangoni, hupita uani akitazama anapokanyaga, huenda kukaa sebuleni kwenye ukingo wa kochi, na kusema nyumba ni nzuri.